Kiimbo cha Kifaransa: maneno yako sawa, lakini sauti inasema kitu ingine

Mwanafunzi anamukaribia mwalimu na kumwambia: « Vous venez demain ? » Kwa maneno, hakuna kosa hata moja. Lakini mwalimu anaitika tu kwa kichwa na kuendelea na kazi yake. Alisikia habari, hakusikia ulizo. Kosa haliko kwenye maneno, liko kwenye kiimbo, ni kusema namna sauti inapanda na kushuka wakati mutu anasema.

Mashariki mwa Kongo, watoto wengi wanakutana na Kifaransa kwenye masomo, kiisha kuzoea Kiswahili, Mashi, Kinande, Kilega ao lugha ingine ya nyumbani. Wanafundishwa maneno, sarufi na kuandika. Kiimbo, mara nyingi hakuna mwenye anakifundisha. Lakini siku ya ekzameni ya kusema, siku ya kuomba kazi ao ya kusoma habari kwenye redio, kiimbo ndicho watu wanasikia kwanza.

Kinatembea namna gani?

Kwa Kiswahili, kila neno liko na nguvu yake, na nguvu ile inakaa kwenye silabi ya pili toka mwisho: ki-TA-bu, mwa-LI-mu, ma-SO-mo. Kifaransa hakifanye vile. Maneno yanafungwa pamoja kama kuni katika muzigo, na nguvu inaenda kwenye silabi ya mwisho ya muzigo wote. Silabi ile inavutwa kidogo. Ukisema « le professeur », nguvu iko kwenye -seur. Ukiongeza « le professeur de français », nguvu kubwa inahama mpaka -çais.

Kiisha sauti inapanda ao inashuka, na ni mwisho wa kila fungu ndio unaonyesha njia:

« Ce matin / le professeur de français / est arrivé en retard. »

Mwisho wa fungu la kwanza na la pili, sauti inapanda: inamwambia musikilizaji kama maneno hayajaisha. Mwisho wa fungu la tatu, inashuka: imeisha. Mwaka 1966, mutaalamu Pierre Delattre alipanga viimbo 10 vya musingi vya Kifaransa, na vile vya kuonyesha kama sentensi inaendelea viko kati yavyo.

Kwa maulizo, « Tu viens. » na « Tu viens ? » zinaachana kwa sauti tu. Ya pili inapanda mwisho kabisa. Lakini kama kuko « est-ce que », « où » ao « pourquoi », neno lenyewe limekwisha kuonyesha kama ni ulizo. Hapo sauti inaweza kushuka bila shida.

Juu ya nini ni ngumu?

Sababu ya kwanza: kiimbo cha lugha ya nyumbani kinaingia mapema sana. Mwaka 2009, watafiti walitangaza matokeo ya kurekodi vilio vya watoto wachanga 60, 30 wa Ufaransa na 30 wa Ujerumani, wenye siku 2 mpaka 5 tu. Vilio vya watoto wa Ufaransa vilikuwa zaidi vya kupanda, vya Wajerumani vya kushuka. Ndani ya tumbo walikuwa wamekwisha kusikia muziki wa lugha ya mama.

Ya pili: zoezi la Kiswahili linafuata mutu. Hata maneno yenye tuliomba kwa Kifaransa yanaonyesha vile. « Bureau » imekuwa biro, na nguvu imetoka kwenye -reau, imerudi kwenye bi-. Vilevile, kwa Kiswahili mutu akiuliza, mara nyingi sauti inapanda kwenye silabi ya pili toka mwisho, kiisha inaanguka. Njo vile yule mwanafunzi alifanya: alipandisha de-, akashusha -main.

Ya tatu: Mashi, Kinande na Lingala ziko na toni. Kila silabi inakuja na sauti yake ya juu ao ya chini. Katika muji wa Bangui, mutafiti Guri Bordal alichunguza Kifaransa cha watu wenye kusema Kisango, nayo lugha ya toni, na akaonyesha kama toni zinaingia mpaka ndani ya Kifaransa chao.

Ya ine: kwenye masomo, mutoto anasoma ubaoni neno moja moja. Kila neno linakuwa muzigo wake peke yake.

Hata Wafaransa wako na shida yao. Kwa Kiswahili cha pwani, baraBAra ni njia, baRAbara ni « sawasawa kabisa ». Mufaransa anaweza kusikia yote mbili na kufikiri ni neno moja tu, juu lugha yake haikumuzoeza kusikiliza nguvu ndani ya neno.

Namna ya kujifunza

Katika miaka ya 1950, Petar Guberina, mwalimu wa Zagreb, alianzisha njia ya kufundisha yenye kutanguliza mapigo na kiimbo. Mambo mengine yanaweza kufanywa nyumbani, bila feza:

- Sikiliza sentensi moja ya habari kwenye redio. Kabla ya kurudilia maneno, imba muziki wake kwa pua, mudomo umefungwa.
- Chora mustari mwisho wa kila fungu. Usipumzike katikati ya fungu.
- Anzia mwisho: « en retard », kiisha « est arrivé en retard », kiisha sentensi muzima.
- Jirekodi kwa telefone, na ulinganishe.

Ni lazima kusema kama mutu wa Paris?

Hapana. Ubelgiji, Québec, Abidjan na Kinshasa, kila mahali Kifaransa kiko na kiimbo chake, na watu wanasikilizana. Yenye kusaidia ni mambo matatu: kuvuta mwisho wa fungu, kupandisha kama haujamaliza, na kupandisha mwisho kabisa ukiuliza bila neno la kuuliza.

Kitu chenye kuharibu zaidi ni kicheko. Mutoto mwenye wanamucheka kila akifungua kinywa ataishia kunyamaza, na mutu hajifunze kiimbo kwa kunyamaza.