Teknolojia katika supamaketi

Teknolojia katika supamaketi ni vifaa na mifumo inayomrahisishia mteja kuchagua bidhaa, kujua bei yake na kuilipia katika duka kubwa la kujihudumia. Baadhi ni vitu vya kawaida kama toroli. Vingine ni msimbo pau, mashine za risiti na malipo kwa simu. Nyingi kati yake zimeshafika hata katika maduka madogo ya vijijini ambako hakuna supamaketi.

Historia

Zamani mteja alisimama mbele ya kaunta, akataja anachotaka, na muuzaji akamletea. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, ambamo wateja walijichukulia bidhaa wenyewe kutoka kwenye rafu. Toroli lilibuniwa na Sylvan Goldman huko Oklahoma City mwaka 1937. Mwanzoni wateja walisita kulitumia, naye akalipa watu walisukume dukani ili wengine waige.

Msimbo pau

Tatizo lililobaki lilikuwa foleni, kwa sababu keshia alipaswa kuandika bei ya kila kitu kwa mkono. Norman Joseph Woodland na Bernard Silver walipata hataza ya msimbo wa mistari mwaka 1952, lakini ilibidi kusubiri leza na kompyuta za bei nafuu. Bidhaa ya kwanza yenye msimbo wa aina inayotumika leo madukani ilisomwa na mashine tarehe 26 Juni 1974 mjini Troy, Ohio. Ilikuwa pakiti ya ubani wa kutafuna wa Wrigley's.

Msimbo pau (wengine husema msimbomilia, na madukani husikika zaidi bakodi) haubebi bei, ingawa watu wengi hudhani hivyo. Unabeba namba tu. Bei imo katika kompyuta ya duka. Kwa hiyo kibandiko cha rafuni kinaweza kuonyesha bei moja na kompyuta ikatoza nyingine, endapo mfanyakazi alibadilisha upande mmoja akasahau wa pili. Mteja anayesoma risiti yake kabla ya kuondoka hugundua tofauti hiyo.

Namba ya kawaida ina tarakimu 13, na ya mwisho ni ya kukagua. Tuchukue mfano wa kubuni unaoanza na 620123456789. Tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5 na kuendelea zinajumlishwa: 6+0+2+4+6+8=26. Zile za nafasi ya 2, 4, 6 na kuendelea zinajumlishwa na kuzidishwa kwa 3: 2+1+3+5+7+9=27, na 27×3=81. Jumla ni 107. Ili kufikia 110 inahitajika 3, basi namba kamili ni 6201234567893. Mashine ikisoma tarakimu moja vibaya, hesabu haikubali na bidhaa haipiti. Mwanafunzi anaweza kujaribu hesabu hii kwa pakiti yoyote ya biskuti au sabuni.

Tarakimu 620 mwanzoni zinaonyesha kwamba namba ilitolewa na GS1 Tanzania. 616 ni ya Kenya. Hazithibitishi mahali bidhaa ilipotengenezwa. Kabla Tanzania haijapata ofisi yake, wazalishaji wa nchini walilazimika kuchukua namba za nchi nyingine, hivyo bidhaa ya Tanzania iliweza kuonekana kama ya jirani.

Malipo kwa simu

M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mwanzoni ilitumika hasa kutumiana pesa, kisha ikaingia madukani kwa njia ya "lipa namba". Mteja hufungua menyu ya simu (kwa mfano *150*00# kwa Vodacom), huingiza namba ya duka, kiasi na namba ya siri, na wote wawili hupata ujumbe. Njia hii haihitaji intaneti wala simu janja, na ndiyo sababu imeenea kuliko kadi za benki. Wenye simu janja wanaweza pia kupiga picha msimbo wa QR. Benki Kuu ya Tanzania imeweka kiwango cha pamoja kiitwacho TANQR.

Katika kata za vijijini kama Lusewa mkoani Ruvuma, mahitaji hununuliwa katika maduka ya rejareja na magenge, na hapo simu ndiyo teknolojia yenye faida kubwa. Lakini mtandao ukikatika, fedha taslimu hurudi kuwa njia pekee. Makato nayo yana uzito: tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ililalamikiwa sana, na serikali ikaipunguza mwaka huohuo.

Udanganyifu upo pande zote mbili. Wapo wanaomwonyesha muuzaji ujumbe wa malipo ulioghushiwa, kwa hiyo muuzaji anapaswa kuangalia salio lake, si simu ya mteja. Wazee na watu wasioona vizuri wako hatarini zaidi, kwani baadhi humpa muuzaji simu pamoja na namba ya siri ili awasaidie. Anayesaidiwa kufika kwenye menyu bado anaweza kubonyeza namba ya siri kwa mkono wake.

Supamaketi nchini Tanzania

Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka Tanzania mwaka 2014 na kuuza matawi yake kwa Nakumatt ya Kenya. Uchumi, pia ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Nakumatt nayo ililemewa na madeni, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura kuifunga kabisa. Maduka hayo yalikuwa na mashine za kisasa. Yaliyowashinda ni gharama na madeni. Jumia, iliyouza bidhaa mtandaoni, iliacha shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Njia iliyodumu mijini ni rahisi zaidi: mteja hutuma orodha kwa WhatsApp, hulipa kwa simu, na bodaboda huleta mzigo nyumbani.