Kura tatu, na usiku wa Tabora

Mpiga kura wa Tanganyika mwaka 1958 hakuruhusiwa kumchagua mtu mmoja. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu katika Baraza la Kutunga Sheria: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu. Ilimpasa apige kura tatu, moja kwa kila kiti. Akiacha hata moja, karatasi yake nzima inaharibika.

Na hiyo ni kwa aliyebahatika kuandikishwa. Sharti lilikuwa kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Mkulima wa kawaida, aliyelipa kodi kila mwaka, akaachwa nje ya mlango. Mbele ya Waafrika zaidi ya milioni nane, Wazungu na Waasia, waliokuwa wachache mno, walipewa theluthi mbili ya viti vya kuchaguliwa. Huo ulikuwa udhalimu uliopangwa kwa hesabu.

Januari 1958 wajumbe wa chama cha TANU walikutana Tabora, wengi wakiwa wamekuja na neno moja: tususie. Hasira yao ilikuwa ya haki kabisa. Nyerere, kiongozi wao, akasimama kinyume nao. Hoja yake ilikuwa kwamba TANU ikikaa pembeni, chama cha UTP, kipenzi cha Gavana Twining, kitaingia barazani bila jasho. Wajumbe wakakubali kwa shida. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa na kuanzisha chama cha African National Congress.

Uamuzi wa Busara, ndivyo mkutano ule ulivyokuja kuitwa. Utamu wake ulikuwa hapa: kura tatu za lazima ziliwapa Waafrika sauti ya kuamua ni Mwasia gani na Mzungu gani aingie barazani. TANU ikawaunga mkono Amir Jamal, Sophia Mustafa, Derek Bryceson na wenzao. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na UTP ikafagiliwa.

Kufikia uchaguzi wa Agosti 1960 kura tatu zilikuwa zimezikwa. TANU ilipata viti 70 kati ya 71.

Mwaka 1965 viti vya rangi havikuwepo tena. Jamal alisimama Morogoro, Bryceson Dar es Salaam, mbele ya wapiga kura ambao hawakulazimishwa na karatasi yoyote kumchagua Mwasia wala Mzungu. Wote wawili walishinda.