Leseni Ilitangulia Waya

Mwaka 2000, barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi jirani iliweza kusafiri zaidi ya kilomita laki moja. Ofisi hizo zikiwa na kampuni tofauti za intaneti, ujumbe ulipanda hadi kwenye setilaiti iliyo takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta, ukashuka Ulaya au Marekani, ukapanda tena, ndipo ukarudi Kenya. Safari hiyo ililipiwa kwa fedha za kigeni, na mzigo ukamwangukia mteja. Tumezoea kuambiwa kwamba tatizo la enzi hizo lilikuwa uhaba wa miundombinu. Historia ya Kenya inaonyesha vingine: njia ya ujumbe iliamuliwa kwanza na leseni, na waya ukafuata.

Mwaka 1999, kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya 1998, Shirika la Posta na Simu la Kenya liligawanywa. Zikazaliwa Telkom Kenya, Shirika la Posta, na Tume ya Mawasiliano iliyopewa kazi ya kudhibiti sekta. Hata hivyo Telkom iliachiwa ukiritimba wa kusafirisha mawasiliano ya kimataifa. Novemba 2000, watoa huduma za intaneti waliungana wakafungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili ujumbe wa ndani ubaki ndani. Telkom ikalalamika kwamba haki yake imevunjwa, na kabla ya mwaka kwisha Tume ikaamuru kituo kifungwe. Watoa huduma wakakata rufaa, wakieleza kwamba data inayotoka Nairobi kwenda Nairobi haihusiani na ukiritimba wa kimataifa. Baada ya mvutano wa karibu mwaka mmoja leseni ikapatikana, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Teknolojia iliyoruhusiwa ilikuwa ileile iliyopigwa marufuku. Kilichobadilika ni uamuzi wa mdhibiti.

Watetezi wa ukiritimba walikuwa na hoja ya kupimwa: mapato ya mawasiliano ya nje yalisaidia kupeleka simu vijijini, na washindani wangechuma mijini tu. Lakini matokeo hayakuiunga mkono hoja hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya miongo ya shirika moja kumiliki kila kitu, Kenya ilikuwa na laini za mezani zipatazo 300,000 kwa watu zaidi ya milioni 28. Kama nia ni kumfikia mwanakijiji, kuna njia iliyo wazi zaidi, nayo ni mfuko wa huduma kwa wote, unaochangiwa na kila mwenye leseni. Kenya iliuweka mfuko huo katika sheria mwaka 2009.

Wengine watasema bei zilishushwa na nyaya za baharini, si kanuni, kwa kuwa TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka huohuo wa 2009. Ni kweli nyaya zilileta uwezo mkubwa. Lakini waya wa SAT-3 ulifika Afrika Magharibi tangu 2002, na katika nchi nyingi bei zilibaki juu kwa sababu mlango wake ulishikwa na kampuni moja ya taifa. Kenya iliponea hapo. Muda wa ukiritimba wa Telkom ulikwisha mwaka 2004, kwa hiyo nyaya zilipowasili zilikuta soko lenye wanunuzi na wauzaji kadhaa, na nyaya zenyewe zilikuwa na wamiliki tofauti.

Hii haimaanishi kwamba mdhibiti akishafungua mlango kazi yake imekwisha. Ushindani nao huzaa vigogo wapya. Mwaka 2010 Tume ilishusha ada ambayo kampuni za simu hulipana kwa kuunganisha wateja wao, kutoka shilingi 4.42 kwa dakika hadi 2.21, na gharama ya kupiga simu ikaporomoka. Hakuna kampuni kubwa ambayo ingejipunguzia pato hilo kwa hiari. Mkasa wa KIXP unatufundisha kwamba mdhibiti anaweza kukosea, na ndiyo maana sheria inapaswa kumpa mdogo mahali pa kukata rufaa. Nchi yoyote inayopanga intaneti ya kasi leo inafaa ihesabu urefu wa nyaya zake, lakini kabla ya hapo iulize nani ana ruhusa ya kuzitumia, kwa bei gani, na nani anaweza kuupinga uamuzi huo akasikilizwa.