Mtambo wa Bunduki ya Gumegume

Neno gumegume, kwa Kiswahili, lina maana mbili. Ni bunduki ya zamani iwashwayo kwa jiwe. Tena ni mtu asiyefaa kitu. Twadhani maana ya pili imezaliwa na ya kwanza, kwani bunduki iliyokataa kulia mbele ya nyati ilistahili kutukanwa, kama mwenyewe alibaki na pumzi ya kutukana. Lakini si gumegume zote zilikuwa hivyo. Hapa tunataka kueleza ginsi mafundi walivyotafuta mtambo mwepesi na mwaminifu, na kwa nini mtambo huo ulidumu Afrika siku nyingi kupita Ulaya.

Mbele ya gumegume watu walitumia bunduki ya mrao. Askari alishika utambi unaowaka. Mvua iliuzima, na usiku adui aliona nukta nyekundu gizani. Kadiri ya mwaka 1610, Marin le Bourgeoys, fundi wa Lisieux katika Ufaransa, alitengeneza mtambo uliokuja kushinda mingine kwa miaka mia mbili. Kazi yake ni hii. Mdomo wa chuma umeuma jiwe, nalo limezungushiwa ngozi lisiteleze. Ukivuta kifyatulio, kamani inausukuma mdomo mbele, na jiwe linakwangua bamba la chuma kigumu. Bamba hilo ndilo kifuniko cha kibakuli cha baruti: likipigwa, linafunguka papo hapo. Vipande vidogo vya chuma vinakwanguliwa vikiwaka, vinaanguka katika baruti ya kibakuli, na ulimi wa moto unapita katika tundu mpaka baruti ya ndani. Msomaji aangalie vema: moto watoka katika chuma. Jiwe ni kisu tu.

Kwa hiyo fundi aliyechagua mtambo hakutazama nakshi. Kwanza alitazama bamba. Chuma chake kikiwa laini, jiwe lakichimba na cheche hazitoki. Kikiwa kigumu mno, jiwe lateleza juu yake kama juu ya kioo. Kisha kamani mbili, ile kubwa ya mdomo na ile ndogo ya bamba, sherti zipatane. Wengi wafikiri kamani yenye nguvu sana ndiyo ya upesi. Sivyo: yavunja jiwe, tena yaitikisa bunduki mkononi mbele ya risasi kutoka. Na bamba likishikwa na kamani nzito mno, lachelewa kufunguka, cheche zapotea nje. Mwisho wa karne ya 18 mafundi waliweka gurudumu dogo pale bamba linaposuguana na kamani yake, na kiungo chembamba kati ya kamani kubwa na moyo wa mtambo, msuguano ukapungua. Wengine walilivika tundu dhahabu ao platini, lisiliwe na moto. Tundu lenyewe lataka akili: baruti ikilijaza, yawaka polepole kama utambi, tundu likibaki wazi, moto wapita mara moja. Mawe mazuri yalichimbwa Meusnes katika Ufaransa na Brandon katika Uingereza, na hata jiwe zuri lilichakaa baada ya mishindo thelathini hivi, ao chini yake.

Katika Liège, mji uliotawaliwa na Askofu, Maximilien-Henri wa Bavaria aliamuru mwaka 1672 mitutu ijaribiwe kwa baruti mbele ya kuuzwa. Amri nzuri, lakini ilipima mtutu tu. Mtutu usiopasuka waweza kufungwa pamoja na mtambo usiowaka.

Na hata mtambo bora ulikuwa na kosa lisilotengenezeka. Alexander Forsyth, mchungaji wa Kiprotestanti wa Belhelvie katika Scotland, alipenda kuwinda ndege. Ndege waliona mwako wa kibakuli, wakakimbia mbele ya risasi kufika. Akatafuta dawa inayowaka kwa kupigwa tu, na mwaka 1807 serikali ikampa hati ya uvumbuzi wake. Kutoka hapo zikaja fataki. Jeshi la Uingereza lilipozijaribu mwaka 1834, bunduki ya jiwe ilikataa kulia mara moja katika saba hivi, ile ya fataki mara moja katika mia na zaidi. Basi majeshi ya Ulaya yakaliacha jiwe.

Jiwe likabaki Afrika. Mafundi wa Liège walitengeneza bunduki za biashara kwa bei ndogo juu ya nchi zetu. Kisha mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890, yaliyofuata mahubiri ya Kardinali Lavigerie juu ya biashara ya watumwa, yalikataza kuingiza bunduki kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini. Lakini gumegume isiyo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, iliweza kuruhusiwa. Kusudi la kuwanyima bunduki wawindaji wa watu lilikuwa la haki, twakubali. Ila tusifiche upande wa pili: sheria hiyo hiyo ilichagua nani apate mtambo wa upesi, na nani angojee cheche. Askari wa Dola Huru ya Kongo walishika Albini za viasi. Mwanakijiji aliyekataa kupeleka mpira alisimama mbele yao na gumegume, ao na upinde. Na upinde, kusema kweli, hauna kibakuli cha kulowa.

Huko Brandon wachongaji waliendelea kupasua mawe ya bunduki hata katika karne ya 20, na mengi yao yalisafirishwa Afrika.