Fumbo la positroni: Maada ya giza au pulsa?

Miale ya kosmiki ni chembechembe zenye nishati kubwa zinazoinyeshea dunia kutoka anga za mbali usiku na mchana. Zinapogonga hewa ya juu huzaa chembe nyingine, ambazo hupenya kiganja cha mvuvi wa Homa Bay, takriban moja kila sekunde, pasipo yeye kuhisi lolote. Mchimba dhahabu wa Migori huziepa kadiri anavyoteremka shimoni, kwani miamba huzipunguza. Ndiyo maana LZ, mtambo mkubwa wa kuisaka maada ya giza, umewekwa katika mgodi wa zamani wa dhahabu huko South Dakota, Marekani, kilomita 1.5 chini ya ardhi.

Maada ya giza, isiyotoa wala kuakisi nuru, yakadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya maada yote ulimwenguni. Uvutano wake hudhihirika katika mwendo wa galaksi, lakini hakuna aliyethibitisha kuinasa chembe yake. Nadharia moja husema kwamba chembe zake mbili zikikutana huangamizana na kuacha elektroni na positroni, yaani pacha wa elektroni mwenye chaji chanya.

Hivyo, chombo cha PAMELA kilichorushwa mwaka 2006 kilipokuta positroni nyingi kuliko ilivyotarajiwa, wanafizikia walichangamka. Mtambo wa AMS-02, uliopachikwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2011, ulithibitisha ziada hiyo.

Lakini yupo mshukiwa mwingine, naye ana uhusiano na Kenya. Novemba 15, 1972, setilaiti ya SAS-2 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Ndiyo iliyogundua chimbuko la miale ya gama ambalo Mwitaliano Giovanni Bignami aliliita Geminga, jina ambalo katika lahaja ya Milan husikika kama "haipo", kwa kuwa kwa miaka mingi hakikujulikana kilichokuwa pale. Mwaka 1992 ilibainika kuwa ni pulsa, mabaki ya nyota iliyolipuka, yanayojizungusha zaidi ya mara nne kwa sekunde. Pulsa nazo huzalisha positroni, tena bila msaada wa maada ya giza.

Mwaka 2017 watafiti wa HAWC, Mexico, waliripoti kwamba positroni za Geminga husambaa polepole mno, kiasi cha kutotufikia kwa wingi. Wengine walijibu kwamba kasi hiyo ndogo huenda iko karibu na pulsa tu. Hata hivyo, maada ya giza ina kesi ngumu zaidi: kuangamizana kwake kungetarajiwa pia kuacha antiprotoni na miale ya gama kwa kiwango ambacho hakijaonekana. Wataalamu wengi kwa sasa huelemea upande wa pulsa.