Mkia wa Pikapu: Springi, Sukari na Mpaka wa Malaba

Pikapu ya marehemu babu mzaa mama imeinua mkia tangu nilipoanza kuikumbuka. Ikiwa tupu, nyuma yake ilikuwa juu kuliko mbele kwa karibu shubiri moja, na sisi watoto tuliopanda nyuma tuliserereka hadi kwenye kebini kila breki ilipofungwa. Tulidhani Hilux zote ziko hivyo. Desemba iliyopita, mjomba aliyeirithi aliamua kuishusha ilingane. Siku hizi yeye husafirisha mayai kutoka upande wa Tororo, na springi ngumu zilikuwa zinamvunjia trei nzima kabla hajafika sokoni.

Nilimsindikiza gereji, jua kali ya kawaida kando ya barabara kuu hapa Malaba. Fundi alipiga jeki, akaegemeza chesisi juu ya magogo, akaondoa magurudumu na kulegeza yuboliti zinazofunga springi kwenye ekseli. Hilux ya aina hii haina springi za kuviringwa nyuma. Ina mabapa ya chuma yaliyopinda kidogo na kulazwa moja juu ya jingine, kwa namna iliyotumika kwenye magari ya farasi huko Ulaya kabla injini hazijabuniwa. Kadiri mabapa yanavyozidi, ndivyo gari linavyostahimili uzito, na ndivyo linavyokaa juu likiwa tupu. Fundi alipoyatenganisha alicheka. Kila upande ulikuwa na mabapa matatu mageni, mazito, yaliyokatwa kwa moto kutoka kwenye springi ya lori na kuchongwa kingo ili yatoshe.

Nani aliyahitaji mabapa hayo, na kwa mzigo gani? Babu, kila alipoulizwa, alijibu kwamba alibeba mahindi. Basi tuhesabu. Pikapu kama hii imekusudiwa kubeba takriban tani moja, yaani magunia 11 ya kilo 90. Kwa mabapa yale, fundi alikadiria kwamba ingebeba karibu mara mbili. Hilo peke yake halimkanushi babu, kwa sababu mahindi nayo hupakiwa kupita kiasi; mkulima gani wa kwetu hajafanya hivyo?

Ili kupata jibu ni lazima turudi kwenye mpaka wenyewe. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuweka chini ya utawala wa nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mto Malaba ukawa mpaka, na Wateso wakajikuta pande zote mbili, shamba huku na shemeji kule. Mpaka huo haukuuma sana wakati reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilikuwa moja. Ulianza kuuma miaka ya 1970. Baridi kali iliharibu mibuni ya Brazili mnamo Julai 1975 na bei ya kahawa duniani ikapaa, huku mkulima wa Uganda akilipwa kidogo na bodi ya serikali. Kahawa ikaanza kuvuka usiku kuelekea Chepkube, kaskazini mwa Malaba, chini ya Mlima Elgon. Idi Amin alikuwa ameunda mahakama maalumu ya makosa ya uchumi mwaka uleule wa 1975, na adhabu iliweza kuwa kifo. Magendo hayakukoma. Waliotajirika Uganda wakapewa jina la mafuta mingi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 uhaba uliendelea: sukari, sabuni na chumvi za Kenya zikawa dhahabu ng'ambo ya mto.

Babu alinunua pikapu mwaka 1983.

Nilimtafuta mzee aliyekuwa fundi enzi hizo. Ana sababu ya kuikuza kazi yake, nami niliyapokea maneno yake nikilijua hilo. Lakini alisema jambo moja ambalo nisingeliweza kulifikiria mwenyewe. "Kijana wangu, mwenye mahindi haoni aibu gari likikaa chini. Anayeogopa mkia kushuka ni yule anayeficha." Askari wa forodha, alieleza, hakuhitaji kufungua turubai. Alitazama mkia. Ukiwa umelala, kuna kitu. Ndiyo maana mabapa yalipindwa na kuongezwa hadi gari likae sawa likiwa limejaa, lionekane tupu.

Baadaye nilisoma kwamba wasafirishaji wa pombe haramu katika milima ya kusini mwa Marekani walifanya vivyo hivyo: waliimarisha springi za nyuma ili gari lenye shehena likae sawa, na polisi nao wakajifunza kulishuku gari tupu lililoinua mkia. Sijui kama askari wa Malaba walifika hatua hiyo ya pili. Babu hakukamatwa.

Fundi aliondoa mabapa yote sita, akafunga upya, kisha akalala chini kurekebisha vali ya breki iliyounganishwa na ekseli. Vali hiyo hupima umbali kati ya ekseli na bodi ili kujua kama gari limebeba mzigo. Mkia ukiinuliwa, inadhani gari ni tupu daima na kuzipunguzia breki za nyuma nguvu hata kukiwa na tani mbili juu yake. Nilifikiria usiku wote ule babu alipokuwa barabarani, bila taa pengine, na breki nusu.

Mjomba alitaka mabapa yauzwe kwa mwenye chuma chakavu. Nilimwomba moja nikalibakiza.

Tulirudi nyumbani alasiri, gari tupu, limekaa sawa kwa mara ya kwanza machoni mwangu. Nyanya, ambaye miaka yote aliapa kuwa yalikuwa mahindi tu, alikuwa ameketi barazani. Alilitazama lile gari likiingia, akainuka haraka kuliko umri wake, akamjia mjomba na kumuuliza kwa sauti ya chini:

"Mmepitia wapi na sukari mchana huu?"