Ubongo baada ya saratani: Watafiti wasaka njia ya kuurejeshea nguvu

MTU aliyepona saratani huenda akajikuta akisahau majina ya jamaa zake au akipotewa na maneno katikati ya mazungumzo. Kwa muda mrefu malalamiko haya yalidhaniwa kuwa uchovu au huzuni tu. Sasa madaktari wanakubali kwamba ni athari halisi za dawa na mionzi, ingawa kwa wazee ni vigumu kuzitenganisha na uzee wenyewe.

Sehemu inayoangaziwa zaidi ni hipokampasi, inayosaidia ubongo kuunda kumbukumbu mpya. Humo zimo seli za shina ambazo huzaa seli za neva. Matibabu ya saratani hulenga seli zinazogawanyika, na hizi nazo hugawanyika.

Ajabu ni kwamba wagonjwa wa saratani ndio waliotoa ushahidi kuwa ubongo wa mtu mzima huzaa seli mpya. Mnamo 1998, Peter Eriksson wa Uswidi na Fred Gage wa Marekani walichunguza bongo za marehemu watano waliokuwa wamedungwa kemikali ya kufuatilia ukuaji wa saratani zao. Kemikali hiyo ilipatikana ndani ya seli changa za neva. Hata hivyo, tafiti mbili za 2018 zilikinzana: mmoja ulisema uzazi huo karibu hukoma utotoni, mwingine kwamba huendelea hadi uzeeni.

Michelle Monje wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha mnamo 2003 kuwa panya waliopigwa mionzi walianza tena kuzaa seli za neva, kwa kiasi, walipopewa indomethacin, dawa ya kutuliza uvimbe. Kumbe kasoro haikuwa katika seli za shina pekee, bali pia katika mazingira yake. Mnamo 2018 kikundi chake kiligundua kwamba dawa ya methotrexate huziacha seli za kinga za ubongo, mikroglia, zikiwa zimechachamaa na kuvuruga utengenezaji wa utando unaofunika neva.

Kule Irvine, California, Charles Limoli na Munjal Acharya walipandikiza seli za shina za binadamu katika bongo za panya waliotibiwa kwa cyclophosphamide. Matokeo yao ya 2015 yalionyesha panya hao wakikumbuka vyema zaidi.

Lakini panya si binadamu, na tiba hiyo haijaidhinishwa kwa wagonjwa. Kinachowafaa kwa sasa ni kinga: utafiti wa 2020 uliohusisha wagonjwa 518 ulibaini kuwa kuikwepesha hipokampasi na mionzi, pamoja na kumeza memantine, hupunguza kudhoofika kwa akili bila kufupisha maisha.